Amri Iliyoitwa Hodi

Kaka yangu hapendi kufanya jambo lile lile mara tatu. Mara ya kwanza anajifunza, mara ya pili analalamika, na kabla ya mara ya tatu anaketi mbele ya kompyuta, anafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, na kulitungia jambo lile neno. Ndivyo anavyofanya kazi, na ndivyo alivyotutunza mimi na mama tangu baba alipofariki.

Nitaeleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Ndani ya dirisha lile hakuna cha kubofya. Unaiandikia kompyuta amri, nayo inatii. Amri zenyewe ni ndefu, zimejaa nukta na vistari, na ukikosea alama moja haifanyi kitu, au inafanya kitu ambacho hukukusudia. Kaka alikuwa na programu ndogo ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kukuruhusu kuziita amri zako kwa majina unayoyataka mwenyewe. Unafungua faili, unaandika neno lako, chini yake unapanga mlolongo wote, unahifadhi. Tangu hapo ukiandika lile neno peke yake, mlolongo unatembea kuanzia juu hadi chini, bila kuchoka na bila kuuliza.

Kaka huwachorea wapima ardhi ramani, na alikuwa na maneno ya kila namna: la kukata picha za mashamba, la kuzipaka rangi, la kuzituma kwa mteja pamoja na salamu. Mimi ninaandika riwaya, kazi ambayo kwetu huhesabiwa kama ugonjwa usio na homa. Siku moja aliniona nikikusanya sura zangu moja moja kutoka mafaili yaliyotawanyika, akanionea huruma, akanitungia neno langu.

“Mwandishi, andika shona uone.”

Niliandika shona. Sura zangu zikaja zikajipanga moja nyuma ya nyingine kama watoto wa shule waliosikia kengele. Nilikaa nikiitazama ile skrini kwa wivu. Tangu utotoni nimekuwa nikitafuta maneno ambayo ukiyasema jambo linatendeka, na kumbe kaka alikuwa nayo kwenye faili, ameyaandika bila hata kujali tahajia.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa chini wa mji, kule Nakuru inakokaribia ua wa mbuga na ziwa. Baba alizaliwa Kakamega, huko magharibi, akaja kufanya kazi kiwandani kama baba yake alivyokuja kufanya kazi kwenye reli, na kile kiwanja ndicho kitu pekee alichowahi kununua ambacho hakikuisha. Alipougua alituita akasema wazi: asipelekwe magharibi. Azikwe pale pale, nyuma ya jikoni.

Kwa watu wetu hilo ni jambo zito. Mwanamume akifa mjini, hata awe ameishi huko tangu ujana, hurudishwa kwao. Kiwanja cha kununua ni mahali pa kulala, nyumbani ni pale kitovu chako kilipozikwa. Baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuja na wazee wake, wakajaa sebuleni, wakakataa chai. Mama alisimama mlangoni akiwa bado na aproni.

“Amesema hapa,” aliwaambia.

“Mgonjwa husema mengi, shemeji.”

“Hili alilisema mara nyingi. Na mimi nimesema nitalala hapa kando yake. Mkimchukua yeye, mnichukue na mimi sasa hivi, tulale huko wote wawili.”

Hawakuwa tayari kumchukua mama. Mama alikuwa ametoka kwa watu wengine, na hakuna aliyekuwa amempangia mahali kule. Basi wakanyamaza, na baba akazikwa nyuma ya jikoni. Fundi alipokuja kumwaga saruji, mama alimwambia aache nafasi upande wa kushoto, upana wa mtu. Hakupanda kitu pale. Kila alipopita na maji ya kuosha vyombo aliizunguka ile nafasi, kana kwamba kuna mtu ameketi.

Ndipo ziwa likaja.

Tulipokuwa wadogo lilikuwa mstari wa waridi huko mbali, chini ya vilima. Halafu heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakapungua, na maji yakaanza kupanda mwaka baada ya mwaka, mvua iwe nyingi au haba. Yaliinywesha migunga mpaka ikafa imesimama, myeupe. Yalivuka ua wa mbuga. Yalichukua barabara ya chini, kisha majirani wa chini, kimya kimya, bila wimbi hata moja. Mtu aliamka akakuta viatu alivyoviacha nje vinaelea, akahama. Sisi tulikuwa juu kidogo. Kisha choo chetu cha shimo kikajaa kwa wiki moja mpaka juu. Watu walisema ni mvua. Afisa wa afya akatukataza kuendelea kuishi pale, na tukahamia vyumba viwili vya kupanga, mtaa wa Free Area, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri.

Baba alibaki.

Huko juu mama hakuwa na la kufanya ila kuuliza. Magoti yake hayakumruhusu kwenda kiwanjani kila mara, na akienda alirudi na homa. Asubuhi alisimama kwenye roshani akitazama upande wa ziwa, ambako hakukuonekana chochote ila mapaa na matangi ya maji. Alimuuliza kaka, alimuuliza muuza maziwa, aliniuliza mimi: maji yamefika wapi? Kaka alivumilia wiki kadhaa, kisha akachoka kwa namna yake.

Kuna setilaiti, alitueleza, inayopita juu yetu kila baada ya siku chache na kuacha picha zake wazi kwa yeyote anayejua kuzichukua. Angetunga amri moja. Ingeshusha picha mpya, ingekata kipande chetu, ingetenga maji na nchi kavu, na mwishowe ingesema maji yako wapi. Kilichobaki ni jina.

“Mathe, tuiite ziwa.”

“Wacha. Nikilitaja kila asubuhi litadhani naliita.”

“Basi maji.”

“Si ni kitu kile kile?”

“Tuiite mzee?”

“Mzee hawashwi kama redio,” mama alisema. “Mtu ukienda kwake unafanya nini? Unasimama nje unapiga hodi. Andika hodi.”

Kaka aliandika hodi. Akasema itakuwa ikijibu kwa mita, umbali kutoka ukingo wa maji hadi kaburini. Mama akakataa tena.

“Mita ni za mafundi. Mimi niambie yako kwa kitu gani.”

Basi kaka akaenda kiwanjani na simu yake, akasimama kando ya kila kitu tulichokuwa nacho, akitia alama: ua wa chini, zizi la zamani, mti wa avokado, jikoni, kaburi. Hodi ingejibu kwa majina hayo. Alipokuwa akiimalizia mama alikuwa nyuma yake, mkono kwenye egemeo la kiti.

“Na yakifika kwa avokado itasemaje?”

“Itasema yako kwa avokado.”

“Hapana. Yakifika hapo isiniambie yako wapi. Iniambie twende.”

Tulijua alichomaanisha. Kutoka mti wa avokado hadi jikoni kulikuwa na mwinuko na umbali wa kutosha. Maji yakifika pale, ndipo tungemfukua baba na kumhamisha, kabla hayajamfikia. Kabla ya hapo hakutaka aguswe. Kumtoa mapema ilikuwa kukiacha kile kiwanja, na ile nafasi ya kushoto, na vita vyote alivyopigana sebuleni. Kumtoa kwa kuchelewa ilikuwa kumpoteza. Mti wa avokado ulikuwa katikati ya hasara hizo mbili, na mama aliukabidhi mpaka huo kwa kompyuta kwa sababu hakuuamini moyo wake.

Kaka aliandika mstari mmoja zaidi. Ukingo ukigusa alama ya tatu, sema: Twende.

Mwanzoni kaka ndiye aliyekuwa akiiita. Mama alisimama nyuma yake na leso mabegani. “Piga,” alisema, na kaka alipiga, na mistari ya Kiingereza ikashuka mbio kama mchele unaomwagika, mpaka ukabaki mstari wa mwisho, wetu: Maji yako kwa ua wa chini. Mama aliiambia asante.

“Mathe, haina masikio.”

“Na wewe unayo, na huambiki.”

Baadaye alijifunza kuipiga mwenyewe kwa kidole kimoja. Alizisaka zile herufi nne kama anayetoa mawe kwenye maharagwe. “Hizi herufi nani alizimwaga? Mbona hazifuatani?” Siku za mawingu picha haikuonyesha chochote, na hodi ilijibu: Wingu. Siku hizo mama hakula vizuri. Alisema ni kama kubisha mlango ukasikia mtu anapumua ndani lakini hafungui.

Habari zilifika kwa akina mama wa maombi, ambao wengi wao walikuwa wameacha nyumba kule chini. Walikuja, wakakalia vitanda vyetu, na kaka akawatungia kila mmoja neno lake. Kulikuwa na mmoja ambaye paa lake tulikuwa tumeliona likizama kwa macho yetu. Naye aliomba. Kaka alinitazama. Kisha akamtungia. Kila alipokuja aliiita, nayo ikajibu vile vile, maji yamefunika, naye alitikisa kichwa polepole, akanywa chai, na wiki iliyofuata akaja tena. Sikuwahi kumcheka. Mimi pia nimewahi kufungua barua pepe asubuhi, mchana na jioni nikingoja mchapishaji abadilishe jibu alilokwisha kulitoa.

Nilikuwa nikiipenda ile amri. Ninasema hivi bila kujitetea. Niliipenda kwa sababu ilikuwa mwaminifu kuliko sisi. Haikuwa na siku mbaya, haikumficha mama kitu ili alale. Nilidhani neno linalotenda jambo lile lile kila siku, kwa utaratibu ule ule, ni aina ya kweli. Sikufikiri kwamba kinachorudiwa ni ule uelewa wa siku ya kwanza, na kwamba usipojua kitu siku unapoitunga amri, itaendelea kutokijua kwa niaba yako kila asubuhi, kwa sauti ya utulivu.

Baba mdogo alikuwa akipiga simu Jumapili. Mama aliiweka kwenye spika ili tuwe mashahidi.

“Shemeji, nasikia ndugu yangu atazikwa mara ya pili, safari hii na samaki.”

“Huko hakuna samaki wa kula mtu. Na wewe tangu afe hujamletea hata shada la maua.”

“Nilitaka aletwe kwao. Mlikataa. Mlete sasa, shimo nitachimba mwenyewe.”

“Na langu?”

Tulisikia jogoo wa Kakamega akiwika.

“Yeye tutampokea,” baba mdogo alisema. “Wewe tutaongea.”

“Mtaongea na nani nikishakufa?”

Waliongea hivyo miezi mingi. Lakini mama ni mtu wa kurudia jambo mpaka lilegee, na Jumapili moja, mchungaji akiwa ameketi nasi anasikiliza, baba mdogo alikubali shingo upande. Shimo lingechimbwa chini ya boma la babu, na kando yake ingeachwa nafasi upana wa mtu. Mama alikata simu, akaingia chumbani, na kupitia mlangoni nilimwona ameketi kitandani anacheka peke yake, mkono mdomoni, kama msichana aliyepewa posa. Kaka akaanza kufuatilia kibali cha kufukua. Alikipata baada ya kupanda ngazi nyingi, akakiweka kwenye bahasha. Tulichongoja sasa ni ile amri tu.

Katika siku hizo za kungoja tulikwenda kiwanjani mimi na mama kulisafisha kaburi. Nyasi zilikuwa kavu, zinavunjika chini ya viatu. Maji yalionekana chini kabisa, yametulia, yanang'aa. Saruji ya kaburi ilikuwa imeota ukungu mweupe kuanzia chini kwenda juu, kama chumvi, kama mabaki ya magadi kwenye sufuria.

“Ona vile tumemwacha achafuke,” mama alisema.

Alipiga magoti, magoti yale yale mabovu, akasugua kwa stilwaya ya sufuria na sabuni mpaka saruji ikarudi rangi yake. Mimi nilikuwa nikishika ndoo. Tuliporudi wiki mbili baadaye ule weupe ulikuwa umepanda tena, juu zaidi. Mama alileta ndimu. Safari nyingine alileta siki. Alimsugua mume wake kama mtoto anayepelekwa kanisani, akimsemesha kwa lugha ya kwao ambayo mimi naielewa nusu. Jioni nilimtajia kaka. Alipiga hodi mbele yangu. Maji yako kwa zizi la zamani.

“Bado mbali,” alisema, na mimi nikaamini, na sote watatu tukala.

Zilipofika mvua za masika, hodi ilijibu Wingu asubuhi baada ya asubuhi. Kisha Jumamosi moja anga ikafunguka. Mama alikuwa amevaa aproni, mikono ina unga. Alijipangusa, akasaka herufi zake nne, mistari ikashuka. Alisoma jibu kwa sauti, silabi kwa silabi, ingawa lilikuwa neno moja.

“Twe-nde.”

Hakulia. Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. “Haya,” alisema.

Kaka alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: wachimbaji, afisa wa afya, gari la kwenda magharibi. Kule Kakamega baba mdogo alichimba siku iyo hiyo, alitutumia picha, na kweli nafasi ya pembeni ilikuwa imeachwa, imewekewa vijiti. Jumatatu asubuhi tulikuwa kiwanjani. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jiko lisilo na paa. Kule chini maji yalikuwa yamefika kwenye shina la mti wa avokado, sawasawa kama hodi ilivyosema, na kutoka pale hadi kaburini ardhi ilikuwa imekauka kwa jua la siku mbili, vumbi kabisa. Nilimtazama kaka, na nilimwona mtu aliyetunga jambo likawa.

Wachimbaji walikuwa wanne, wacheshi. Waliivunja saruji kwa mtaimbo.

“Mzee wenu alijengewa kama benki,” mmoja alimwambia kaka.

“Chimba, boss. Benki inafunguliwa leo.”

Hata mama alitabasamu. Udongo wa juu ulitoka kavu, ule udongo wetu wa majivu unaopeperuka ukiuangalia vibaya. Kisha ukabadilika rangi. Kisha mchimbaji aliyekuwa ndani akanyanyua mguu, akautazama pale ulipokuwa umesimama.

“Boss, hapa kuna maji.”

“Ni mvua ya wiki jana,” kaka alisema.

Walichimba zaidi. Yalikuwa yakipanda kutoka chini, bila haraka, yakiwa na ile harufu ya magadi ya ziwani. Walileta pampu waliyokuwa wameazima. Pampu ilinguruma, shimo likakauka, wakashuka, na kabla jembe halijapigwa mara kumi maji yalikuwa yamerudi pale pale, kimo kile kile, kama kuna mtu anayashikilia huko chini. Kuta zikaanza kumomonyoka. Upande mmoja ulianguka wote kwa pamoja ukamfunika mchimbaji mmoja mpaka kiunoni, na wenzake wakamvuta kwa mikono, kiatu chake kikabaki.

“Simamisheni,” afisa wa afya alisema.

“Mmemfikia?” mama aliuliza kutoka kwenye kiti.

“Bado, mathe.”

“Sasa mbona mmesimama?”

Afisa alimweleza kaka kwa sauti ya chini kwamba hawezi kuruhusu mtu mwingine ashuke mle, na kwamba hata wangefika, katika maji yale hakungekuwa na cha kubeba kwa heshima. Kaka hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama chini kwa mti wa avokado, kisha shimo, kisha pembeni, kwenye kile kibanda cha choo chetu kilichoinama.

“Choo,” alisema.

Nilielewa alipolisema. Tulihama kwa sababu ya choo. Siku ile tulipohama maji yalikuwa tayari yamefika, chini ya miguu yetu, chini ya jikoni, chini ya baba. Ziwa halikuwa likitembea juu ya nchi tu. Lilikuwa likitembea ndani yake, mbele zaidi, na ule weupe uliokuwa ukipanda kwenye saruji ulikuwa pumzi yake. Hodi ilikuwa ikitazama kutoka angani. Tuliiagiza ituambie maji yanaonekana wapi, nayo ilituambia kila siku, na haikukosea hata mara moja.

Mama alikuja akasimama ukingoni. Tulimshika huku na huku. Alilitazama lile shimo kwa muda, maji ya rangi ya chai ya maziwa, kiatu cha mchimbaji kikielea.

“Ilisema twende,” alisema.

“Ndiyo, mathe.”

“Tukaja.”

“Ndiyo.”

“Ilisema nini zile siku nilipokuwa nasugua?”

Kisha alimshika kaka mkono, akaupigapiga kama anavyopigapiga unga. “Basi,” alisema. “Fukieni.”

Walifukia kwa sepetu, na udongo uliingia ukitoa sauti ya kunywa. Vipande vya saruji havikukubali kupangwa tena. Dereva wa gari la magharibi aliuliza kama bado tutamhitaji, na nikamwambia hapana. Kabla ya masika kwisha maji yalipita jikoni. Ile nafasi ya kushoto ikazama pamoja na baba.

Kaka hakuiacha ile amri. Kwa wiki nyingi alikuwa akiifungua ile faili na kuongeza mistari: vipimo vya mvua, aina ya udongo, kina cha visima vya mtaa wa juu, mwinuko wa kila jiwe. Neno lilikuwa lile lile la herufi nne, lakini chini yake kulikuwa na ukurasa baada ya ukurasa. Sasa ingeweza kumwambia mtu yeyote maji ya chini ya ardhi yamefika wapi kabla hayajaonekana. Niliisoma siku moja akiwa ametoka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na haikuwa na mtu wa kumwambia. Akina mama wa maombi walikuwa wameacha kuja.

Jumapili baba mdogo alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imepoa, hakuwa na mzaha.

“Shemeji, shimo haliachwi wazi. Unajua. Lingeita mtu mwingine afe.”

“Najua.”

“Tulizika mgomba badala yake. Tulifanya kila kitu, hata wimbo. Tumesema ni yeye.”

Mama alichukua shati la kaka kutoka kwenye rundo la nguo.

“Na ile nafasi yako bado iko,” baba mdogo alisema. “Hilo sikubadilisha. Siku yako ikifika utaletwa, utalala kando yake.”

“Kando ya nani?”

Jogoo hakuwika safari hii. “Shemeji, kando ya… tumesema ni yeye.”

“Mimi sikuolewa na mgomba,” mama alisema. Hakuwa na hasira. Alimshukuru, akamuulizia watoto, akamuulizia ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, kisha akakata simu.

Alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Alimaliza shati la kaka, akalipangusa kola kwa kiganja.

“Nikifa msinipeleke kule,” alisema. “Na msibishane. Nipelekeni makaburi ya mji.”

“Mathe, usianze,” kaka alisema.

“Sijaanza, nimemaliza. Pale si wanazika kwa foleni? Akija huyu analala hapa, akija mwingine analala kando yake.”

“Ndiyo, mum,” nilisema, kwa sababu kaka hakuweza.

“Basi ni rahisi.” Alichukua nguo nyingine, gauni lake mwenyewe, akalinyosha juu ya mapaja. “Nitalala kando ya yeyote atakayekufa kabla yangu siku hiyo.”